Mita 60 Kutoka Wapi?

Kiwanja changu cha kwanza nilikinunua mwezi wa Agosti, na kosa lilianzia hapo. Kiwanja hakinunuliwi kiangazi. Dalali alinipeleka kwa bodaboda hadi pembezoni mwa Dar es Salaam, tukashuka kijia chembamba, akanionyesha eneo la hatua ishirini kwa ishirini, kavu, udongo umepasuka kama kisigino cha mkulima. Upande mmoja palikuwa na matete. Nikauliza. "Hayo majani tu, bosi wangu. Unafyeka siku moja, yamekwisha." Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukaandikishana mbele ya mashahidi, mwenyekiti akapokea fungu lake, muhuri ukagongwa. Uligongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino haukushika.

Ilipofika Aprili, vyura ndio walionieleza nilichonunua.

Siutaji mtaa ule, na wala sina uhakika kwamba mwenyekiti yule alinidanganya. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, hasira zimekwisha kupoa. Mezani kwake hapakuwa na karatasi hata moja iliyomwambia kwamba pale ni ardhioevu. Hapakuwa na orodha wala ramani, ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita na picha ya Rais. Alichokuwa nacho ni muhuri. Kwa hiyo aligonga muhuri. Ndiyo hoja yangu ya leo yote: Tanzania ina sheria za kutosha za kulinda ardhioevu, isipokuwa zimekaa juu mno, kwa waziri na kwa mabaraza ya taifa, wakati ardhioevu zenyewe zinauzwa, zinafukiwa na kulimwa chini, kwenye mtaa na kijiji, ambako hakuna mtu aliyewahi kuziorodhesha wala kuzipanga kwa daraja.

Sheria nimesema tunazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhioevu waziwazi miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, pamoja na mikoko, matumbawe na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa Waziri uwezo wa kutangaza ardhioevu kuwa eneo la hifadhi, na kifungu chake cha 57 ndicho kilichozaa ule msemo ambao kila mtendaji wa kata anaujua kwa moyo: mita 60. Tangu mwaka 2000 nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, uliotiwa saini Iran tarehe 2 Februari 1971, na tumesajili maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Malagarasi-Muyovozi peke yake ni hekta zaidi ya milioni tatu. Si haba.

Lakini hayo ni makubwa, ya kutajwa kwenye mikutano. Mimi nataka kuyazungumzia madogo yasiyo na namba ya usajili.

Neno lenyewe "ardhioevu" ni la ofisini. Sijawahi kumsikia mtu anayeishi kando yake akilitumia. Dar es Salaam watu husema bondeni. Usukumani ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata masika na kufyatuka mapande kiangazi, ndiyo maana mtoto wa Shinyanga akisoma shuleni habari za "mbuga za wanyama" anajiuliza simba wanafanya nini kwenye mpunga wa baba yake. Iringa na Njombe kuna vinyungu. Kuna kinamasi, kuna chemchemi, kuna majaruba, kuna mikoko. Halafu kuna neno ninalolipenda kuliko yote: tingatinga. Zamani, kabla halijawa jina la mtambo wa kusukuma udongo, lilikuwa na maana ya mahali penye tope la kudidimiza mguu. Leo tingatinga ndilo linalotumwa kubomoa nyumba zilizojengwa kwenye tingatinga.

Ukiyatazama maneno hayo vizuri utaona kwamba hayamaanishi kitu kimoja. Ni uainishaji. Anayesema chemchemi hajasema mbuga; cha kwanza hakikauki na hakiguswi, cha pili kina msimu wake na mazao yake. Wazee wetu walikwisha kuzipanga ardhi hizi kwa matumizi na kwa tabia. Sheria ilipokuja ikazifuta tofauti zote hizo na kuweka kipimo kimoja.

Twende basi na futi kamba, tukakipime.

Chukua bonde la vinyungu huko Mufindi au Njombe. Wanaolijua hawahitaji kuelezwa: milima miwili imeinamiana, katikati kuna kijito cha kuruka kwa hatua moja, na kila upande kuna matuta yaliyoinuliwa ili mizizi isioze. Hulimwa kiangazi, mlimani kukiwa kukavu. Maharage, njegere, viazi, na yale mahindi mabichi yanayochomwa kando ya barabara wakati sehemu nyingine za nchi hazijapanda hata mbegu. Masika yakija, bonde linarudi kuwa la maji. Tuseme bonde hilo lina upana wa mita 100 na kijito kiko katikati. Pima mita 60 kulia, pima mita 60 kushoto. Umelimaliza bonde zima na kupanda mlimani mita 10 kila upande. Mama mwenye matuta sita ya maharage sasa ni mvunja sheria, na ada ya shule ya watoto wake ni ushahidi.

Hapa wasomaji wanasheria watanisahihisha, na nawashukuru mapema. Kifungu cha 57 hakisemi kwamba ndani ya mita 60 mtu asifanye lolote. Kinakataza shughuli za kudumu, na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo. Je, maharage ya miezi mitatu ni shughuli ya kudumu? Matuta yasiyotiwa dawa yanadhuru? Hilo ni swali zuri, na jibu lake linategemea bonde gani, mteremko gani, dawa gani, na nani anakunywa maji chini yake. Ni swali la kujibiwa pale bondeni. Kwa kuwa hakuna aliyepewa kazi ya kulijibu pale, linajibiwa kwa amri: mwaka huu ondokeni wote, mwaka wa uchaguzi tunaangalia namna, mwaka unaofuata ondokeni tena.

Sasa beba futi kamba hiyo hiyo uje nayo Dar es Salaam, ushuke Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Kiangazi ni mfereji mwembamba wenye harufu usiyoisahau. Ila bonde lake la chini lina upana wa mamia ya mita, na mvua kubwa zikija mto unalichukua lote, kwa sababu ni lake. Mita 60 kutoka ukingoni pale si lolote. Mtu anaweza kujenga mita 80 kutoka mtoni, akawa hajavunja kipimo, na Aprili akalala juu ya paa na watoto.

Kipimo kimoja kimekuwa kikali mno Njombe na legevu mno Jangwani. Kwa mto wenye kingo kinapimika. Lakini mbuga ina ukingo gani? Kinamasi kinachovimba Machi na kutoweka Septemba kinaanzia wapi? Kiwanja changu kilikuwa mbali na mto wowote. Mita 60 kutoka wapi?

Msimbazi nitakaa nao kidogo, kwa sababu unaonyesha gharama ya kuchelewa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini. Waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao, na wengi wakarudi. Desemba 2015 zikaanza alama za X nyekundu ukutani na matingatinga nyuma yake. Nakumbuka picha za magazeti ya wakati ule: kabati la vyombo limesimama peke yake katikati ya kifusi, vikombe vikiwa bado ndani. Wengi katika waliobomolewa walikuwa na karatasi za mauziano zenye mihuri. Walikuwa na mita za umeme. Walikuwa wamepiga kura na kuombwa kura palepale.

Na wakati huo huo, katika bonde hilo hilo, Serikali ilikuwa imejenga karakana ya mabasi yaendayo haraka. Mwaka 2016 mabasi yakaanza kazi, na baada ya hapo mara kwa mara mvua kubwa zilipokuja Barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani na maji kuingia karakanani. Simcheki mtu. Wahandisi wa mradi ule ni watu waliosoma, na bado walikosea mahali ambapo muuza mchicha asingekosea. Hata wao hawakuwa na orodha iliyowalazimisha kusimama. Sasa upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2022, na ndani yake kuna kuihamisha karakana, kuinua daraja la Jangwani na kuifanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji inayokubali kujaa maji. Ni mamia ya mabilioni ya shilingi, tena nyingi za mkopo, kulirudishia bonde kazi ambayo lilikuwa likiifanya bure.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya, kanuni zao za mwaka 2009 zinataja kati ya mita 6 na 30 kwa kingo za mito, na sheria zao nyingine zina hesabu zake, hata Nairobi wanabishana utadhani wanapatana bei ya ng'ombe. Uganda ndiyo inayostahili kutazamwa. Katiba yao ya mwaka 1995 inasema ardhioevu inashikwa na Serikali, au na serikali ya mtaa, kama amana kwa ajili ya wananchi. Kanuni zao za mwaka 2000 hazikuweka kipimo kimoja: mito iliyotajwa kwa majina ina mita 100, mingine mita 30, maziwa makubwa yaliyotajwa mita 200, mengine 100. Na zinatambua matumizi ya asili yasiyohitaji kibali: kukata mafunjo, kuvua kwa mitego ya kienyeji, kuchota maji, hata kulima, ilimradi kilimo kisizidi robo ya eneo la ardhioevu husika. Robo! Yule mama wa matuta sita angekuwa na pa kusimama.

Lakini nisiwadanganye. Pamoja na maandishi hayo mazuri, ardhioevu za Uganda zilishuka kutoka asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 hadi asilimia 10.9 mwaka 2008. Mwaka 2014 baraza lao la mawaziri liliamua kufuta hati zote zilizotolewa ndani ya ardhioevu baada ya mwaka 1995, maana yake kwa karibu miaka ishirini maofisa walikuwa wakitoa hati juu ya kitu ambacho Katiba iliwaamuru wakilinde. Na kuzifuta kumekwenda kwa mwendo wa konokono. Daraja kwenye kanuni ya taifa halimzuii ofisa wa ardhi wa wilaya ikiwa ramani ya wilaya haina mstari.

Mahali nilipokuta mstari huo umechorwa kweli ni mbali, na inabidi mniwie radhi kwa safari. Ni jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, nchi ya mvua na samaki aina ya samoni. Mwaka 1990 jimbo lilipitisha sheria ya kusimamia ukuaji wa miji, ikailazimisha kila kaunti na kila mji kuyatambua na kuyalinda maeneo nyeti, na ardhioevu ni la kwanza kwenye orodha. Jimbo halikuwaandikia umbali. Liliwaambia: kila halmashauri itunge sheria ndogo yake, izingatie sayansi bora iliyopo. Idara ya Ekolojia ya jimbo ikawatengenezea fomu ya kusahihishia ardhioevu kama mwalimu anavyosahihisha mtihani.

Fomu inauliza mambo matatu. Eneo hili linachuja uchafu wa maji kiasi gani? Linapunguza nguvu ya mafuriko kiasi gani? Linawahifadhi viumbe kiasi gani? Kila kazi hupata alama kuanzia 3 hadi 9, jumla isizidi 27. Upande wa magharibi wa jimbo, alama 23 na kuendelea ni Daraja la Kwanza. 20 hadi 22 la Pili. 16 hadi 19 la Tatu. Chini ya hapo la Nne. Maeneo machache ya pekee, kama vinamasi vya mboji vilivyochukua maelfu ya miaka kujijenga, huingia Daraja la Kwanza bila kuhesabiwa. Umbali wa kujenga hufuata daraja na aina ya ujenzi: kwa la Nne unaweza kuwa mita kama 15, kwa la Kwanza lenye viumbe wengi ukafika 90. Hakuna 60 ya wote.

Na kabla ya alama kuna kazi ya kujua ardhioevu inaishia wapi. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu, maana mtaalamu wao hufanya kitu ambacho bibi yangu angekifanya kwa jembe. Anachimba shimo la kama nusu mita. Anatazama udongo: ukikaa majini muda mrefu hugeuka kijivu, na palipopita mizizi pana mistari ya kutu, kwa sababu chuma cha udongoni kimepata hewa kidogo. Ananusa: harufu ya yai bovu. Anatazama mimea. Maji, udongo, mimea. Vikikubaliana vyote vitatu, ni ardhioevu hata kama ni Agosti na vumbi linatimka. Yale matete ambayo dalali aliniambia nifyeke yalikuwa shahidi wa kwanza. Angekuwapo mtu wa kuchimba shimo moja na jembe la kuazima, ningerudi nyumbani na pesa zangu.

Mfumo wao nao una maradhi yake. Mwenye ardhi humlipa mtaalamu, na mtaalamu anayelipwa na mwenye ardhi hujua alama zipi zinampendeza. Lakini mwaka 2023 ulikuja mtihani mwingine. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la familia ya Sackett ya jimbo jirani la Idaho dhidi ya shirika la mazingira la nchi, iliamua kwamba sheria ya maji ya taifa inazigusa tu ardhioevu zilizoungana na maji ya juu ya ardhi bila kukatika. Eneo kubwa likabaki bila ulinzi wa taifa ndani ya siku moja. Washington hawakubaki uchi. Kaunti na miji ilikuwa na sheria ndogo zake, zenye ramani na madaraja, na hizo hazikuguswa. Ndiyo faida ya ulinzi kuanzia chini: paa likipeperuka, kuta zinabaki.

Sisi tumezoea kuanzia paani. Mfano ni Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, ukaacha viboko wakigaragara kwenye madimbwi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha. Ihefu, kinamasi kinachoulisha mto huo, kikawa habari ya taifa, hasa kwa kuwa chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Mwaka 1998 likatangazwa Pori la Akiba Usangu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi, akiwa London, kwamba kufikia 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 Usangu ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha, ikaifanya kuwa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000.

Mto haukutii tarehe. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba maji mengi ya kiangazi yalichepushwa juu ya kinamasi, kwenye mifereji ya mpunga. Na ng'ombe walioondolewa hawakuyeyuka. Wengi wakashuka Kilombero, Rufiji, Lindi. Kilombero nako, ambako tayari kulikuwa eneo la Ramsar, ikaja operesheni ya kuwaondoa mwaka 2012. Tuliisukuma shida kutoka kinamasi kimoja hadi kingine, kila hatua ikiwa na tangazo la Serikali.

Shinyanga walifanya kinyume chake, na naona ajabu kwamba hatuwataji mara kwa mara. Ngitili si ardhioevu, ni malisho yanayofungwa masika ili yafunguliwe kiangazi, ingawa mara nyingi huwa kandokando ya mbuga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Katika miaka kama kumi na minane zikapindukia hekta 300,000. Hawakuja na kipimo kutoka Dodoma. Kila kijiji kilitamka ngitili yake iko wapi, inafungwa mwezi gani, inafunguliwa lini, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anatozwa nini. Ikaandikwa sheria ndogo. Asiyeitii alikutana na dagashida, lile baraza la jadi, na waliokuwa Usukumani miaka ile wanajua kwamba kukutana na dagashida hakufanani na kuandikiwa barua na halmashauri.

Zana za kufanya hivyo kwa ardhioevu zipo kwenye vitabu leo. Kijiji kinatambuliwa kisheria, kinaweza kushitaki na kushitakiwa, na halmashauri yake ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, mkutano mkuu ukaijadili, baraza la madiwani la wilaya likaipitisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inakipa mamlaka juu ya ardhi yake. Sheria ya Mazingira inataka kamati ya mazingira hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na ofisa mazingira kila halmashauri. Mjini ni kugumu zaidi, kwani mtaa hauna hadhi ya kijiji na sheria ndogo inabidi itoke manispaa. Lakini hata manispaa inaweza kuuagiza mtaa ulete orodha.

Ninachotaka kiwe kwenye orodha hiyo ni kidogo. Jina la eneo kama wenyeji wanavyoliita. Maji hufika wapi mwaka wa mvua kubwa, na hapo ndipo bikoni ichimbiwe, kwa kuwauliza waliokuwapo mwaka wa El Nino 1997. Linafanya kazi gani: linanywesha nani, linazuia mafuriko ya nani, linalisha nani. Kisha daraja. Chemchemi na chanzo cha maji ya kunywa kisiguswe, na hapa simwonei mtu huruma hata akiwa mama wa maharage. Bonde la mafuriko lisijengwe, lilimwe. Vinyungu vilimwe kwa kalenda, bila dawa karibu na kijito, na robo tatu ya bonde ibaki na majani yake, tukiiga robo ya Waganda. Na mstari wa mwisho wa karatasi, ulio muhimu kuliko yote: muhuri wa mauziano haugongwi juu ya eneo lililo kwenye orodha hii.

Nitaambiwa mwenyekiti atakifuta kiwanja cha rafiki yake kwenye orodha. Atajaribu. Lakini leo hana haja hata ya kufuta, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Orodha iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu na kubandikwa ukutani ni ngumu kuichezea kuliko ramani iliyo kwenye kabati la wilaya, kwa vile kila aliyepo mkutanoni analijua bonde kwa miguu yake. Nitaambiwa pia kazi hii inahitaji wataalamu na posho. Wataalamu waje, wachimbe mashimo yao, wasahihishe daraja pale wananchi wamekosea. Bodi za maji za mabonde yetu tisa zina watu hao. Ila wasisubiriwe. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na malori ya kifusi hayasubiri mtaalamu.

Nayasema haya ya malori kwa sababu nayasikia. Kiwanja changu bado ninacho, sikujenga, mama mmoja analima mchicha na matembele na mwisho wa mwezi hunitumia fungu. Ng'ambo ya matete amekuja mtu mwenye uwezo. Tipa zinaingia baada ya saa nne usiku, zinamwaga kifusi cha majengo, matofali na vigae vya vyoo, na kila lori likimwaga maji yanasogea upande wetu kidogo. Mwaka jana matuta ya mama yule yalikuwa kumi na moja. Mwaka huu ni manane. "Mwanangu," aliniambia akiwa amesimama kwenye tope la magotini, "maji hayafi, yanahama tu." Tulikwenda wote ofisini kushitaki. Tukaulizwa: eneo hilo limeandikwa wapi kwamba ni ardhioevu?

Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mitaani mikutano ya wakazi ipo pia. Ukiitwa mwingine, nenda, hata kama agenda ni michango ya darasa. Ikifika mengineyo, simama uombe ardhioevu za eneo lenu zitajwe kwa majina na ziandikwe kwenye muhtasari siku hiyo hiyo.